Kofi Ambalo Sikulipiga

Mke wangu hakupigwa. Naanza na hilo kabla sijataja hata jina la ugonjwa, kwa sababu hapa Singe, pembeni ya mji wa Babati, ninapoishi bado wapo watu wawili watatu wanaopunguza sauti nikipita, na huenda siku moja maandishi haya yakawafikia. Lakini hasa nakuandikia wewe ambaye mama yako, au babu yako, au wewe mwenyewe kwenye kioo, una alama ya damu kuvilia kichwani au usoni na hakuna anayekumbuka imetoka wapi. Nivumilie mpaka mwisho. Mimi si mwandishi, ni mkamuaji wa alizeti. Nimeshinda miaka mingi kwenye mashine ya mafuta kule Maisaka, na ukinishika mkono leo bado unateleza.

Mke wangu aliitwa Rosalia. Mtaani alikuwa Mama Tere, kwa sababu ya binti yetu Theresia, mtoto pekee tuliyejaliwa. Tuliteremka kutoka Mbulu tukiwa vijana, tukapata shamba hapa Singe, tukalima mahindi na mbaazi, na msimu wa alizeti mimi nikawa naenda kwenye mashine. Alikuwa mfupi, mwepesi wa ulimi, na alinicheka tangu siku ya kwanza. Watu walikuwa wanasema nyumba ile mwenye sauti ni mama. Ni kweli, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Alama ilianza wakati wa masika, tukipalilia mahindi. Alivua kilemba kujifuta jasho, nikaona juu ya paji la uso, upande wa kushoto, pale nywele zinapoanzia, pana doa kama la ukucha wa kidole gumba, rangi ya zambarau lililoiva.

"Umejigonga wapi?" nikamuuliza.

"Sijajigonga."

"Basi ni mlango wa jiko."

Mlango wa jiko letu ulikuwa mfupi, na mimi mwenyewe ulishanigonga mara nyingi. Akabonyeza lile doa kwa kidole, akasema haliumi hata kidogo. Tulikubaliana kuwa ni mlango, kwa sababu lazima kitu kiwe kimefanya. Jumapili ile nilichukua msumeno nikakata ubao wa juu, nikapandisha fremu, nikasifiwa na kupikiwa ugali na kuku. Mlango ulikuwa mshtakiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa pili.

Doa halikuondoka. Lilitanuka polepole, halina mpaka unaoeleweka, kama mafuta yanavyotanuka kwenye karatasi ya kufungia. Mahindi yalipoanza kubeba, lilikuwa limeshuka hadi karibu na nyusi. Asubuhi alikuwa anaamka kope la kushoto limevimba, likipungua mchana. Kisha siku moja alipokuwa anachana nywele, chanuo likagusa pale, na damu ikatoka nyingi kuliko inavyostahili mkwaruzo mdogo. Tuliibana kwa kitambaa muda mrefu. Hata hapo hakulia maumivu. Kama kuna jambo moja nataka ulikumbuke, ni hilo, kwamba halikuuma, na kwa sababu halikuuma tulilizoea.

Alianza kufunga kilemba chini zaidi, kukaribia macho. Ilikuwa aibu tu ya mwanamke anayependa kupendeza. Lakini jumuiya ilipokuja kusali nyumbani kwetu, kilemba kilimlegea akipakua chai, na jirani yetu Mama Happy akanyoosha mkono kumsaidia kukifunga. Mama Happy ni mtu wa Singida, anauza vitunguu sokoni, moyo wake mzuri kabisa. Aliona, akamfunga vizuri. Baadaye jikoni akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Tere, nani kakufanya hivi?"

"Hakuna. Nadhani ni mlango wa jiko," akajibu Rosalia.

Hapo ndipo tulipoangamia. Mtaani kwetu, mwanamke aliyepigwa na mumewe husema amejigonga kwenye mlango wa jiko. Ndivyo wanavyosema wote, na wenzao huitikia "pole" wakijua. Milango ya majiko ya Singe na ya jirani zetu wa Nangara imesingiziwa kila wiki tangu ilipotundikwa. Kwa hiyo mke wangu alisema kile tulichoamini, na maneno yake yakawa yale yale ya mke anayemficha mumewe. Simlaumu Mama Happy. Makofi yapo, tusidanganyane, na angenyamaza kwa mke aliyepigwa kweli ningemlaumu zaidi.

Mama Happy akampigia simu Tere, aliyekuwa Arusha akishona sare za shule. Tere ana jina la mama yangu mzazi. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo, akiniambia "Shikamoo, baba," mimi humwitikia "Marahaba, mama." Ulikuwa mchezo wetu. Jioni ile simu yangu ililia nikiwa nasafisha mashine, nikapokea nikisubiri salamu.

"Baba, mama ana nini usoni?"

"Hujambo, Tere?"

"Nimeuliza mama ana nini usoni."

Nikamwambia habari ya mlango. Akakata simu. Nilibaki na simu mkononi, na nilijua kabisa nimenyimwa nini.

Tulikwenda zahanati moja ya mtaani. Mhudumu alimtazama Rosalia, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu, ambayo ni mikubwa, sikujichagulia. Akaniomba nitoke nje. Nilipokuwa kwenye benchi nilisikia anamwambia kwamba majeraha ya namna hii yanataka PF3, fomu ya polisi, kwanza, aende polisi akaandikishe, ndipo atibiwe.

"Nikamshtaki nani?" nikamsikia Rosalia. "Mlango? Mwanangu, hakuna aliyenigusa."

"Mama, usiogope. Tunawaona wengi."

Alitoka pale amekasirika, akitembea mbele yangu njia nzima. Akasema hataandikisha uongo polisi ili apewe dawa. Nilimsihi turudi, akakataa. Duka la dawa likatupa vidonge vya maumivu, kwa mtu asiye na maumivu.

Kabla ya mavuno, Tere alikuja pamoja na mjomba wake Bura, kaka mkubwa wa Rosalia. Nilikuwa uani napura maharage. Shemeji Bura alinipa mkono kwa ncha za vidole. Tere alipita, akasema, "Habari za hapa," kama anavyosalimia mtu anayemuuzia vifungo. Waliingia ndani kwa mama yake, wakakaa, wakatoka na begi. Bura akasema dada yake anakwenda juu kwao, Mbulu, kupumzika kidogo.

"Kupumzika nini?" nikauliza.

"Wewe unajua," akasema Bura.

Rosalia alikuwa amechoka kubishana. Aliniambia mlangoni, "Niache niende wiki moja niwanyamazishe, nitarudi." Akanipiga begani kidogo, mbele yao, akacheka: "Mimi ndiye napiga hapa." Hakuna aliyecheka naye.

Wiki haikuwa moja. Mahindi yalivunwa bila yeye, baridi ya katikati ya mwaka ikaingia, mbaazi zikatoa maua shamba zima likawa la njano. Nilipiga simu kila jioni. Kule walikuwa wanamkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kama unavyokanda damu iliyovilia. Alisema jicho sasa halifunguki vizuri, na pale juu pameota vinundu vinavyotoa damu akivaa kilemba. Nilimwambia Bura ampeleke hospitali. Akanijibu kwamba hospitali watauliza nani kampiga, na yeye hataki shemeji yake afungwe, anataka mambo yaishe kifamilia.

"Ukikiri, tutakaa, utaomba radhi, tutakurudishia mkeo," akasema. "Usipokiri, anakaa hapa."

"Bura, mimi sijampiga."

"Basi endelea kulala peke yako."

Nilikataa muda mrefu. Mimi ni mbishi, na jina langu lilikuwa safi, nilidhani hilo ni jambo kubwa. Kisha siku moja Rosalia alipokea simu akaongea polepole, sauti yake nzito, akasema uvimbe umeshuka shavuni. Hakucheka hata mara moja katika mazungumzo yale. Asubuhi yake nilikwenda mnadani, nikanunua kondoo, nikapanda naye Mbulu.

Kikao kilikuwa uani kwa Bura, wazee wa ukoo wao kwenye viti, mimi kwenye kigoda. Yalizungumzwa kwa Kiiraqw, nayaandika kama ninavyokumbuka. Mzee mmoja akaniuliza kama nilimpiga mke wangu. Nikasema, nilimpiga. Akauliza kwa nini. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nikasema kwa sababu ya chakula. Wakatikisa vichwa. Tere alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, akinitazama, na nikaona uso wake unafunga kabisa. Niliapa moyoni kwamba kuna siku atajua, halafu nikainamisha kichwa nikaomba radhi kama walivyotaka.

Ndipo Rosalia akatoka ndani. Alikuwa amevua kilemba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu aondoke. Upande mzima wa kushoto wa paji ulikuwa mweusi wa zambarau, umeinuka, jicho dogo kama la mtu anayelenga manati.

"Mwongo mkubwa wewe!" akanipigia kelele. "Lini ulinipiga? Sema siku! Miaka yote hii hujanigusa, leo unakuja kunipiga mbele ya wazee?"

Wanawake wakamshika mabega wakimbembeleza, wakisema ndivyo inavyokuwa, mtu huyatetea hata mateso yake. Mzee mmoja akafuta machozi kwa huruma. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kigoda, nimekiri uongo, na mtu pekee anayesema kweli anapewa pole. Kondoo akachinjwa. Nikarudishiwa mke wangu.

Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja hospitali mjini Babati, Bura akiwa nasi, nadhani ili anichunge, na Tere pia. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la hospitali na watu wanaodhani umemfanya mgonjwa wako awe mgonjwa, sijui nikueleze vipi. Tere alikaa upande mmoja wa mama yake, Bura upande wa pili. Mimi nilipata nafasi mbali kidogo, karibu na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye kifua. Mama yule hakujua lolote, akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchemsha. Nilikula huku nikijizuia nisilie.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, ana miwani. Alimsalimia Rosalia shikamoo, akamgusa taratibu, akabonyeza pembeni ya vinundu, akapapasa shingo yake pande zote mbili. Kisha akauliza ilianzaje. Bura akawahi.

"Alipigwa na mumewe. Ila yamekwisha, amekiri."

Daktari akanigeukia. "Ulimpiga lini, mzee?"

Nikahesabu haraka. "Kabla ya Pasaka."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Akavua miwani. "Damu ikivilia kwa kupigwa, mzee wangu, inabadilika. Inakuwa zambarau, halafu kijani, halafu njano, halafu inaisha, ndani ya wiki chache. Hii ya mama imekaa tangu Pasaka mpaka maua ya mbaazi, na haipungui, inaongezeka. Hakuna kofi la namna hiyo." Akanitazama vizuri. "Unanidanganya, mzee. Kwa nini?"

Rosalia alianza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, damu ikachuruzika kidogo kutoka juu, akacheka tu huku Tere anaifuta.

"Mungu mkubwa," akasema. "Amepatikana mmoja."

Walimkata kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo, wakakipeleka mbali. Majibu yalichukua muda. Mbaazi zikakauka, nikazivuna peke yangu. Katika kusubiri huko walipima na mambo mengine, na mtaani kukazuka hadithi mpya, kwamba ni ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Majibu yake ya kipimo hicho yalikuwa safi, lakini hakuna aliyezunguka mtaani kutangaza hilo. Kisha tukaitwa, tukaambiwa ni saratani, ya mishipa ya damu iliyo kwenye ngozi. Daktari alisema ni adimu, na kwamba huwapata zaidi watu wazima, kichwani na usoni, na mara nyingi huanza hivi hivi, watu wakidhani ni damu imevilia. Akasema tungefurahi ingeonekana mapema. Alisema kwa upole, lakini nilimwona Bura anatazama sakafu, na Tere akashika ukuta.

Nilingoja Tere aniambie kitu pale koridoni. Akaja akasimama mbele yangu, akasema, "Pole, baba." Basi. Nikaitikia, "Asante." Nilielewa baadaye kwamba ile salamu nyingine ilikuwa imemkwama. Kuniamkia upya kungekuwa sawa na kutangaza jinsi alivyoacha, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Lakini siku ile sikuelewa, nilihuzunika, na nilikasirika pia.

Tulipelekwa hospitali kubwa Moshi. Vuli ilikuta tumepanga chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kichaga aliyetuachia bustani tuchume mboga. Walimfanyia upasuaji, wakatoa ngozi kutoka paji hadi katikati ya kichwa, wakaziba kwa ngozi ya paja. Siku walipofungua bendeji Rosalia aliomba kioo. Muuguzi alisita, akaniangalia mimi, nikatikisa kichwa kukataa, Rosalia akaniona.

"Wewe umekata mlango kwa ajili yangu," akasema, "leo unaogopa kioo?"

Akajitazama muda mrefu. Usiku ule alikataa kula, na kesho yake pia. Siku ya tatu akanipapasa upara wangu, akasema sasa tumefanana, nikajua ameamua kuendelea.

Kisha mionzi, kila siku ya kazi, kwa wiki nyingi. Kwenye benchi la mionzi watu hujuana kama watu wa jumuiya moja. Kulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Same aliyekuwa anatuwekea nafasi kwa kofia yake. Siku moja kofia haikuwepo wala yeye, na hakuna aliyeuliza. Ngozi yake Rosalia iliungua, ikatoa maji, kitambaa cha kawaida kikawa kinanasa. Tere aliacha kazi Arusha, akaja na cherehani yake ya mkono, akawa anashona vilemba vya pamba laini, mshono upande wa nje ili usiguse kidonda. Alishona vingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kuvaa. Alimpa kila mgonjwa wa benchi lile. Asubuhi alikuwa ananiambia, "Umeamkaje, baba?" nami nasema nimeamka salama, na tunabaki hapo.

Mwaka ulipogeuka wakaanza dawa za dripu. Vidole vyake vikafa ganzi hata hakuweza kuchambua maharage. Yalikuwa yanamponyoka yanadondoka, akiyafuata kwa macho. Kucha zikageuka rangi. Chakula kikawa na ladha ya chuma. Lakini kulikuwa na wiki nzuri katikati. Tulirudi Singe kwa muda, akakaa kivulini nje ya jiko, ule mlango mrefu nyuma yake, Mama Happy akaja akalia magotini pake. Rosalia akamwambia, "Nyamaza, wewe uliniona. Wengine hawakuniangalia kabisa." Bura naye alikuja. Alikaa siku nzima bila kusema lolote la maana, akanisaidia kupanda mahindi. Sikumfukuza. Sikumkaribisha pia.

Masika yaliporudi, alianza kukohoa. Alipanda kitandani akahema kama amebeba gunia. Picha ikaonyesha imeingia kwenye mapafu. Daktari wa Moshi alituambia ukweli bila kuuzungusha, namshukuru kwa hilo, na tukarudi nyumbani na dawa ya kutuliza tu.

Unajua kwamba kwetu mtu akifa, kabla ya kuzikwa husomwa historia ya marehemu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaugua nini, lini, katibiwa wapi, mpaka saa ya kuondoka. Kila mtu husikiliza sehemu ya ugonjwa kuliko zote. Rosalia akasema historia yake ataiandika mwenyewe, hataki kuandikiwa na watu wasiojua. Alikuwa anasema akihema, Tere anaandika. Alipomaliza akamwita Bura.

"Wewe ndiye utasoma," akamwambia kaka yake. "Mliuliza mbele ya watu, utajibu mbele ya watu."

Bura akasema sawa. Lakini Rosalia alimjua ndugu yake. Bura alipoondoka akamwambia Tere aisome mbele yake tena, na tena, asitazame karatasi. Mimi nilichoka kusikia nikatoka kwenda kufunga mbuzi. Niliporudi bado wanasoma, Rosalia macho yamefumba, akimsahihisha.

Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, mimi nikimnywesha uji kwa kijiko. Aliacha kumeza. Nilishika kijiko muda mrefu nikidhani anapumzika. Sina maneno mengine ya saa ile, na sitayatafuta.

Tulimzika kwenye shamba letu, ng'ambo ya mbaazi. Watu walijaa hadi barabarani, wa Singe, wa Maisaka, ukoo wote wa Mbulu, wale wazee wa kikao wamekaa mstari wa mbele chini ya turubai. Bura akasimama na karatasi. Alisoma kuzaliwa, akasoma ndoa, akasoma Tere. Alipofika kwenye ugonjwa sauti ikapungua. "Marehemu alianza kuugua wakati wa masika ya mwaka jana," akasema, akarusha macho hadi chini ya karatasi, "akatibiwa Babati na Moshi, mpaka alipofariki." Akakunja karatasi. Akakaa.

Nilijua kilichorukwa. Niliitazama ile karatasi mkononi mwake, imekunjwa mara nne, na nilihisi kama mke wangu anafukiwa kabla jeneza halijashuka. Sikuwa na nguvu ya kusimama. Katekista akafungua kitabu chake aendelee.

Tere akasimama. Hakuwa na karatasi. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti, kanga imemlegea kiunoni, akasema kwa sauti ya mama yake, ile ya kugombana na wachuuzi:

"Mama alisema isomwe hivi. 'Mimi Rosalia sikupigwa. Mume wangu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Alikubali kosa lisilo lake ili nipelekwe hospitali, na wazee mkala kondoo wake. Alama yangu ilikuwa saratani. Haikuuma, haikubadilika rangi, haikupona, ilitanuka, na ilitoka damu kwa kuguswa tu. Mkiona ya namna hiyo kwa mtu, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Mkimaliza kumpeleka, ndipo mtafute aliyepiga.'"

Matone ya mvua yaligonga turubai. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua kofia. Bura alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Tere hakurudi walikokaa wanawake. Alikuja hadi kwenye kiti changu, akapiga magoti kwenye tope, mbele ya watu wote, macho chini kama alivyokuwa akifanya akiwa na sare ya shule.

"Shikamoo, baba."

Nilichelewa kumjibu. Neno lenyewe, nilipolifikia, nilikuta lina mwingine ndani yake ambaye muda si mrefu tungemshusha ardhini. Nikaweka mkono wangu, huu mkubwa, kichwani kwake.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mama."